Mzazi, usiogope chupa ya mapovu kando ya njiti

Mzazi anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye wodi ya watoto njiti hukuta vitu vingi ambavyo hakuna aliyemwandaa kuviona. Kimojawapo ni chupa. Ni chupa ya plastiki yenye maji, mpira umezamishwa ndani yake, na maji yanatoa mapovu usiku na mchana. Juu ya kitanda, ncha nyingine ya mipira imeingizwa puani mwa mtoto mwenye uzito wa kilo moja na robo, kichwani amevishwa kofia iliyofungwa vizuri ili mipira isicheze.

Wengi hushtuka. Wapo bibi na mashangazi wanaosema wazi kwamba mtoto akishawekewa oksijeni basi hatoki. Wapo akina baba wanaokataa kukubali matibabu mpaka wapige simu nyumbani kwanza. Hofu hiyo ina chanzo chake. Mara nyingi oksijeni huwekwa mtoto akiwa ameshazidiwa, na kati ya hao wapo wanaokufa. Anayetazama kwa mbali huona mpira ukiingia na mtoto akifa, akaunganisha viwili hivyo. Ugonjwa wenyewe hauonekani, mpira unaonekana.

Chupa hiyo ni sehemu ya kifaa kinachoitwa CPAP, hutamkwa sipapu. Ni miongoni mwa vifaa tiba vichache vilivyotengenezwa upya kwa ajili ya wodi kama zetu, wodi ambazo umeme hukatika na nesi mmoja huangalia watoto wengi. Mzazi akijua kilivyopatikana na kinavyofanya kazi, anajua pia afanye nini anapokaa kando ya mtoto wake.

Kwa nini njiti anaguna

Aliyewahi kupuliza puto anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Puto likishafunguka kidogo, zinazofuata ni nyepesi. Mapafu nayo yako hivyo. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na ute maalumu ndani ya mapafu, unaofanya kazi inayofanana na ya sabuni kwenye maji, nao huzuia vile vifuko vidogo vya hewa visishikamane kila anapotoa pumzi. Njiti wengi huzaliwa kabla ute huo haujatosha. Kila pumzi kwao ni ile ya kwanza ya puto. Vifuko vinafunguka, vinajifunga, vinafunguka tena kwa shida, na baada ya saa kadhaa mtoto anachoka.

Dalili zake mama anaweza kuziona kabla ya kuambiwa na mtu. Mbavu zinabonyea kwa ndani, tundu za pua zinatanuka, pumzi zinakwenda mbio, na kila anapotoa hewa mtoto anaguna. Mguno huo si kilio. Mtoto anabana koo lake ili hewa isitoke yote, abakize kidogo ndani mapafu yasijifunge. Anajitibu mwenyewe, ila hana nguvu ya kuendelea hivyo kwa siku tatu.

Tatizo hili halikuchagua maskini. Agosti 1963, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya muda wake na akafa kwa shida hiyo hiyo ya mapafu akiwa na umri wa siku mbili tu. Baba yake alikuwa na uwezo wa kumwita daktari yeyote duniani. Dawa haikuwapo.

Miaka minane baadaye, 1971, daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha matokeo ya watoto 20 waliosaidiwa kwa njia mpya. Waliufuata ule mguno. Badala ya kumwachia mtoto kazi ya kubana koo, walimpelekea hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili hata anapotoa pumzi mapafu yabaki yamefunguka kidogo. Watoto 16 kati ya 20 walipona.

Chupa ya maji ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupima msukumo huo. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inapita puani kwa mtoto, na mpira wa kutolea hewa umezamishwa majini. Ukizamishwa sentimita tano, hewa haitoki mpaka iwe na nguvu ya kusukuma maji ya kina hicho, na nguvu hiyo hiyo ndiyo inayoyashika mapafu ya mtoto. Nesi akitaka msukumo uongezeke, anauzamisha mpira zaidi. Mapovu yanayoonekana ni ushahidi kwamba hewa imefika kwa nguvu iliyokusudiwa.

Oksijeni ya kawaida ya mpira mdogo wa puani haifanyi kazi hiyo. Inaongeza oksijeni kwenye hewa anayovuta mtoto, lakini haiyashiki mapafu yasijifunge. Tofauti hii ni vizuri wazazi wakaielewa, kwa sababu mara nyingi huambiwa tu kwamba mtoto “yuko kwenye oksijeni”, na hayo ni mambo mawili.

Shida kwanza, kifaa baadaye

Kama njia ilijulikana tangu 1971, kwa nini karibu miaka 40 baadaye watoto walikuwa bado wanakufa kwa kukosa msukumo wa hewa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, hospitali kubwa ya rufaa?

Jibu la haraka ni bei. Mashine zilizouzwa wakati huo zilikaribia Dola 6,000 za Marekani kwa moja. Lakini bei peke yake haielezi kila kitu, maana mashine za msaada zilikuwa zinafika Afrika kila mwaka. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya hospitali yenye hewa ya oksijeni inayotoka ukutani, umeme usioyumba, na duka la vipuri linalojibu simu. Watafiti wawili wa Marekani, Perry na Malkin, walipokusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 kutoka hospitali za nchi maskini, walikuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Matokeo hayo yalichapishwa 2011. Aliyewahi kupita nyuma ya hospitali akaona vitanda na mashine vimerundikwa chini ya mwembe hashangai.

Kazi ya Blantyre ilianza kwa kuuliza. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, wakiongozwa na maprofesa Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, walishirikiana na madaktari na wauguzi wa hospitali hiyo, akiwamo daktari wa watoto Elizabeth Molyneux aliyefanya kazi huko miaka mingi, kujua wodini kunakosekana nini. Shida ya kupumua kwa watoto wachanga ikawa juu kwenye orodha. Shida hiyo ilirudishwa darasani Houston na kupewa kundi la wanafunzi wa shahada ya kwanza kama mradi wao wa mwaka wa mwisho.

Wanafunzi hao walitumia pampu ndogo zinazopuliza hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Zinauzwa madukani, zimetengenezwa ziwake mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, na mtu yeyote anaweza kuzibadilisha. Kisanduku cha kuzibebea kilikuwa cha plastiki, cha kuhifadhia viatu. Walipopima, msukumo uliotoka ulilingana na wa mashine zilizokuwa zikitumika katika hospitali ya watoto ya Texas.

Watu hupenda kusimulia kisanduku cha viatu, na ni kweli kinavutia. Sehemu ngumu ilikuwa baada ya hapo. Kisanduku hakiwezi kusafishwa kwa dawa kila siku, pampu inavuta vumbi, vipimo vinatakiwa visomeke na nesi aliyesimama mbali akiwa na watoto wengine. Kifaa kilisanifiwa upya kikawa cha kiwandani, kikapewa jina Pumani. Ni neno la Kichewa linalohusu kupumua kwa utulivu, na Mswahili hahitaji mkalimani kulisikia.

Utafiti wa Blantyre ulichapishwa Januari 2014. Watoto walikuwa 87. Kati ya 62 waliowekewa kifaa, 44 walitoka hospitali wakiwa hai, sawa na asilimia 71. Kati ya 25 waliopata oksijeni ya kawaida walitoka 11, asilimia 44. Kwa wale wenye tatizo la mapafu machanga tofauti ilikuwa kubwa zaidi, karibu asilimia 65 dhidi ya 24. Kundi lilikuwa dogo na watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tarakimu zisichukuliwe kama ahadi. Hata hivyo zilitosha kwa Malawi kuanza kukipeleka kifaa katika hospitali zake za serikali, za wilaya na za rufaa.

Mbali na hapo, Dhaka nchini Bangladesh, daktari Mohammod Jobayer Chisti alifika kwenye jibu linalofanana kwa njia yake. Alitumia chupa tupu za shampuu. Katika utafiti uliochapishwa 2015 kwa watoto wa chini ya miaka mitano wenye nimonia kali, waliokufa wakiwa kwenye chupa ya mapovu walikuwa 3 kati ya 79, na kwenye oksijeni ya kawaida 10 kati ya 67.

Salima walipata jibu jingine

Hadithi za vifaa huishia hapo kwa kawaida, kwa makofi. Hii haiwezi kuishia hapo.

Malawi hiyo hiyo, katika Hospitali ya Wilaya ya Salima, watafiti walijaribu mapovu kwa watoto 644 wa mwezi mmoja hadi miezi 59 wenye nimonia kali pamoja na hali nyingine za hatari, kama maambukizi ya VVU au utapiamlo mkali. Hawa hawakuwa njiti. Wodi yao haikuwa na daktari wa kuwapitia kila siku, kama ilivyo wilaya nyingi. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliowekewa mapovu walikufa asilimia 17, waliopata oksijeni ya kawaida asilimia 11.

Yaani kanuni ile ile ya msukumo, na vifo vikawa vingi zaidi.

Kuna namna mbili mbaya za kuisoma habari hiyo. Moja ni kusema bibi alikuwa sahihi, mpira unaua. Nyingine ni kuinyamazia ili wazazi wasiogope. Ukweli una manufaa zaidi kuliko zote mbili. Tatizo la mapafu ya njiti na nimonia ya mtoto wa miaka miwili mwenye utapiamlo si kitu kimoja, na kifaa kilichojibu swali la kwanza hakikuahidi kujibu la pili. Msukumo wa hewa una hatari zake pia. Hewa huweza kujaa tumboni, mtoto akatapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu, na kwa nadra pafu lenyewe huweza kuvuja. Anayeyaona hayo mapema ni mtu aliyefundishwa na mwenye nafasi ya kuangalia. Dhaka madaktari walikuwa karibu. Salima hawakuwapo.

Hata kwa njiti, kifaa kilipotoka Blantyre kwenda wilayani kiliokoa watoto, lakini si kwa kiwango kile cha hospitali kuu. Sababu mojawapo ilikuwa baridi. Mtoto aliyepoa anatumia nguvu zote kutafuta joto, na mapovu hayawezi kumrudishia nguvu hizo. Waliopoa walipona wachache kuliko waliokuwa na joto lao.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii sasa hawapeleki kifaa kimoja kimoja. Mpango wa NEST360, ulioanza 2019 ukizihusisha Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, hupeleka vifaa vya wodi nzima. Vipo vya kupasha joto, kupima oksijeni, kutibu manjano na kupima sukari, na pamoja navyo mafunzo kwa wauguzi na mafundi wa vifaa tiba. Kwa Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara ni miongoni mwa washirika. Fundi katika orodha hiyo ana uzito wake. Mashine yenye fundi hudumu, isiyo na fundi huishia chini ya mwembe.

Kifua cha mama

Kifaa kingine cha joto hakinunuliwi. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa 2021, uliwafuatilia watoto wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri hali zitulie, walikufa asilimia 12. Waliosubiri kwanza watulie walikufa asilimia 15.7. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri huduma hiyo ya kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe, mwenye mzunguko wa damu ulioshindwa, au anayehitaji mashine ya kumpumulia.

Mama wengi huambiwa, au hujiambia wenyewe, kwamba mtoto mwenye mipira hashikwi. Si lazima iwe hivyo. Mtoto aliye kwenye mapovu anaweza kulazwa kifuani, mradi nesi asaidie kumhamisha na mipira ifungwe isivutike. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado hawezi kuinuka anaweza kupokewa na baba au bibi. Ni swali la kumuuliza nesi siku ya kwanza, asisubiri kuambiwa.

Mambo mengine ya kuangalia ni machache, na hakuna linalohitaji elimu ya udaktari.

La kwanza ni mapovu yenyewe. Yakikoma, kuna mahali hewa inavuja au imeziba. Huenda mpira umetoka puani, umejikunja, makamasi yameziba, maji ya chupa yamepungua, au umeme umekatika. Mzazi asiguse wala asiongeze maji. Amwite nesi hapo hapo, hata kama ni saa tisa usiku na anaona aibu kumsumbua. Katika wodi ambayo nesi mmoja ana watoto kumi na tano, mama anayeyatazama mapovu humsaidia sana.

La pili ni pua. Ncha za mipira zikikandamiza sana, ngozi laini kati ya tundu mbili za pua huchubuka na kufanya kidonda. Wekundu ukionekana, useme mapema. Tumbo nalo litazamwe, likianza kuvimba na kukaza nesi ajue. Mara nyingi mtoto huwekewa mpira mwembamba mdomoni unaofika tumboni ili hewa ipate pa kutokea, na wazazi wengine huuona wakadhani hali imekuwa mbaya zaidi. Ndio huo huo hutumika kumlisha maziwa ya mama aliyoyakamua.

Kofia na soksi zibaki zimevaliwa, nguo zikilowa zibadilishwe. Mtoto akiguswa miguu ikawa ya baridi, apimwe joto.

Kuna pia namba inayoonekana kwenye kipimo kilichofungwa mguuni au mkononi. Wazazi hufurahi ikifika 100, lakini kwa njiti anayepewa oksijeni wauguzi kwa kawaida hulenga kati ya 90 na 95. Ndiyo sababu nesi huonekana akiipunguza oksijeni ya mtoto anayeendelea vizuri, na si kwa sababu ya kubana matumizi. Oksijeni ikizidi kwa njiti huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na wapo watoto waliotoka wodini wazima wa kifua na baadaye wakagundulika hawaoni.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyezaliwa kabla ya muda wake au na uzito mdogo sana, hasa aliyetumia oksijeni, huhitaji kuchunguzwa macho wiki ya nne hadi ya sita baada ya kuzaliwa. Wakati huo familia nyingi zimesharudi nyumbani, mtoto anaongezeka uzito, na hakuna anayewaza macho. Jicho linaweza kuonekana zuri kabisa kwa nje huku nyuma limeanza kuharibika, na matibabu yana muda wake wa kufanyika. Siku ya ruhusa, kabla ya kufungasha vitu, mzazi aulize tarehe ya kipimo cha macho na hospitali ya kwenda, kisha ahakikishe vyote viwili vimeandikwa kwenye kadi ya mtoto.